Kupima Hatari ya Maporomoko ya Udongo Katika Bonde Letu
Somo la vikundi kabla ya mvua za Oktoba

Hapa Mukuyuni tunaijua shida ya mvua kukosa kuliko shida ya mvua kuzidi. Watu wa Makueni na Kitui wakikutana sokoni mwezi wa tisa, swali huwa ni moja tu: itanyesha lini? Kwa hiyo somo la maporomoko ya udongo laweza kuonekana ni la watu wengine, wa Murang'a au wa mlima Elgon. Tunaomba mtuvumilie. Udongo wa vilima vya Mbooni na Kilungu ukilowa siku nyingi mfululizo haujui kwamba uko Ukambani. Na mvua hizi zetu za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tunazozitegemea kwa mahindi na mbaazi, ndizo zile zile zilizozidi kipimo mwaka wa 1997, zikazidi tena 2019, na tena 2023. Tangu 1997 mvua yoyote kubwa tunaiita El Nino, iwe ni yenyewe au siyo. Jina si neno. Neno ni mahali tulipojenga.

Yaliyowapata wenzetu

Tarehe 1 Machi 2010, wilayani Bududa upande wa Uganda wa mlima Elgon, mteremko uliporomoka jioni baada ya mvua ya muda mrefu, ukafunika kijiji cha Nametsi. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Maduka na kituo cha afya vilikwenda na udongo. Hapa kwetu Kenya, usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, vijiji vya Nyarkulian na Parua katika Pokot Magharibi vilifunikwa na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Madaraja yalikuwa yamebebwa na maji, kwa hiyo waokoaji walishindwa kufika kwa barabara. Usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025 ikawa zamu ya Chesongoch, katika Elgeyo-Marakwet, na huko pia watu zaidi ya 20 walikufa.

Mtaona mambo mawili katika habari hizi. Kwanza, giza. Udongo hauchagui saa, lakini mtu aliyelala ndani hausikii mlima, na hata akiusikia hajui akimbilie wapi. Pili, waliokufa hawakuwa wote juu mlimani. Katika Hanang, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliyotoka mlimani yaliteremka mpaka mji wa Katesh ulio chini, na watu zaidi ya 80 wakafa katika eneo lile. Mji ulio chini huonekana salama kwa sababu uko tambarare. Kumbe utambarare ule mara nyingine umetengenezwa na udongo ulioteremka zamani!

Tishio si sawa na hatari

Katika somo hili tutatumia maneno mawili, na tunaomba kila kikundi kiyatenganishe vizuri maana hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Tishio ni kile ambacho mlima waweza kufanya: kipande cha udongo kukatika, jiwe kubingirika, korongo kujaa matope. Hatari ni kile ambacho watu waweza kupoteza tishio hilo likitokea. Kilima chenye nyufa kumi huko kichakani ambako hakuna nyumba, hakuna njia wala mto chini yake, ni tishio kubwa lakini hatari yake ni ndogo. Ukingo wa barabara wenye urefu wa mita tatu tu, ukiwa nyuma ya chumba wanacholala watoto wanne, tishio lake ni dogo na hatari yake ni kubwa mno. Watu hupiga picha ya kile kilima. Sisi tungependa waende kwanza kwenye kile chumba.

Kinachouangusha mlima

Vilima vyetu vimekaa juu ya mwamba mgumu wa kale. Juu ya mwamba huo kuna mawe yaliyooza, na juu ya mawe hayo udongo mwekundu. Pengine udongo huo ni wa goti tu, pengine ni mita kadhaa, hasa katika mabonde madogo yaliyojikunja kama kiganja cha mkono. Mvua ikinyesha kidogo, mimea inakunywa. Ikinyesha siku tano, sita, maji yanashuka mpaka kwenye mwamba na kukwama pale. Udongo unakuwa mzito kwa maji, na wakati huo huo maji yaliyokwama yanazisukuma chembe za udongo ziachane, zisishikane tena. Ndipo mvua moja kubwa ya saa moja inakuja kumalizia kazi ambayo zile siku sita zilikwisha ianza. Watu husema mvua ya jana ndiyo iliyoleta maafa. Ya jana ilikuwa ya mwisho tu.

Binadamu naye anasaidia kuangusha. Tukikata mguu wa mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba au barabara, tumeondoa kile kilichokuwa kikiuegemeza. Watafiti waliochunguza maporomoko ya Bududa walitaja jambo hilo hilo: miteremko iliyokatwa kwa ajili ya nyumba na njia. Tukikata miti, mizizi haiozi siku hiyo; inaoza polepole, na baada ya miaka michache nguvu yake imekwisha huku sisi tumekwisha sahau kwamba palikuwa na miti. Lakini tusidanganyane pia kwamba mti ni dawa ya kila kitu. Mizizi hushika udongo wa juu. Poromoko linalokatikia chini ya mizizi hubeba shamba, miti na yote.

Sasa tuguse jambo ambalo tunajua litaleta ubishi. Ukambani tunajivunia mitaro yetu, na ni haki yetu. Nchi hii ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, katika miaka ya 1930 ilisemwa kuwa inakufa kwa mmomonyoko. Vikundi vya mwethya vikachimba, mwaka baada ya mwaka, mpaka neno "fanya juu" likaingia katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali likiwa Kiswahili vile vile. Fanya juu ni mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, na kazi yake kubwa katika nchi kavu ni kuzuia maji yasikimbie. Hapo ndipo penye swali. Kwenye mteremko wa wastani, kuzuia maji ni baraka. Kwenye mteremko mkali wenye udongo mzito, na nyumba ikiwa chini, mtaro uliojaa maji ni kama kumtilia mgonjwa wa tumbo chakula zaidi. Mahali hapo mtaro unatakiwa uwe na mwinuko kidogo wa kuyatoa maji pembeni taratibu, mpaka kwenye njia ya maji iliyopandwa majani. Hatusemi mvunje mitaro. Tunasema mjue maji ya kila mtaro yanakwenda wapi. Na mtaro usiosafishwa ni mbaya kuliko kukosa mtaro, kwa sababu hukusanya maji ya shamba zima na kuyamwaga mahali pamoja.

Kulitembea bonde

Kazi yenyewe ni ya miguu. Kikundi cha watu wanane au kumi kinatosha: wazee wawili wanaokumbuka, akina mama wanaochota maji, kijana mwenye kalamu, na fundi wa nyumba. Akina mama tunawataja kwa sababu wao huiona chemchemi kila siku, nao huwa wa kwanza kujua kwamba maji yamebadilika rangi. Mjulisheni naibu wa chifu, na mwenye shamba aombwe ruhusa. Mtu akiona watu kumi na kamba shambani mwake atafikiri wanakuja kumpimia mpaka, na hapo somo limekufa.

Anzeni chini, kwenye mdomo wa korongo, si juu. Tazameni kama kuna kilima kidogo cha udongo uliochanganyika na mawe makubwa yaliyokaa ovyo. Maji peke yake huyapanga mawe: mchanga huku, kokoto kule. Matope hubeba vyote pamoja na kuvitupa pamoja. Mkikuta mawe ya ukubwa wa meza yamelala ndani ya udongo mahali tambarare, ulizeni yalifikaje. Mara nyingi jibu ni kwamba yalikuja na matope, na yaliyokuja mara moja yaweza kuja tena.

Halafu pandeni polepole. Tafuteni makovu ya zamani, yaani sehemu iliyobonyea kama kijiko, juu yake kuna ukuta uliosimama, chini yake kuna tumbo lililovimba. Miti yenye shina lililopinda kwenye kiuno na kisha kunyooka inatuambia kwamba udongo unateleza kidogo kidogo huku mti ukijitahidi kusimama. Nguzo za ua zilizolala upande mmoja zinasema hivyo hivyo. Kwenye nyumba, ulizeni mlango ulioanza kukwama, na ufa wa ukuta unaopanuka. Ufa wa ukuta waweza kuwa ni kazi mbaya ya fundi tu, na ndiyo maana tumesema fundi awepo. Lakini ufa wa ardhi, ulio juu ya nyumba na umejikunja kama mwezi mchanga, huo hauna maelezo mengine mazuri. Pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, mpime nafasi kati yake, mwandike tarehe. Mkirudi baada ya wiki mbili mkute nafasi imeongezeka, basi mlima unatembea.

Maji ndiyo msemaji mkuu. Mababu walipoita mahali hapa Mukuyuni, penye mikuyu, walikuwa wametaja maji, maana mkuyu haujioteshi mahali pakavu. Kwa hiyo mkiona mstari wa mimea inayopenda maji ukipita katikati ya mteremko mkavu, hapo chini maji yanatoka. Chemchemi mpya, chemchemi iliyohama, chemchemi iliyokuwa safi ikaanza kutoa matope: andikeni. Wazee waulizwe pia majina ya mahali na sababu zake, na sehemu ambazo zamani hazikulimwa. Mengine ya mathembo hayatuhusu hapa, lakini pale ambapo kichaka cha kilimani kiliachwa bila kuguswa kwa vizazi vingi, mteremko ulipata faida.

Kupima ukali wa mteremko hakuhitaji mashine. Chukueni kamba ya mita 5 na pima maji ndogo ya fundi, ile ya kuning'iniza kwenye kamba, muiweke katikati. Mtu mmoja wa juu ashike kamba chini kabisa kwenye udongo. Wa chini ainue upande wake kwenye mti ulionyooka mpaka pima maji ikae sawa. Pimeni urefu kutoka kamba hadi ardhi pale chini. Ukiwa sentimita 60, mteremko ni asilimia 12. Ukiwa mita 1 na sentimita 75, ni asilimia 35. Tumetaja hesabu hizi mbili kwa sababu kanuni za kilimo za Kenya za mwaka 1965 zilitaka mteremko wa kati ya 12 na 35 ukingwe, na uliozidi 35 usilimwe bila ruhusa. Wengi wetu tunalima juu ya hapo. Tunajua sababu: shamba limegawanywa kwa baba, kwa mwana, kwa mjukuu, na mjukuu amebaki na kipande cha juu. Tena ukali peke yake haumalizi habari. Jabali tupu lenye ukali mkubwa haliporomoshi udongo kwa sababu halina udongo, ingawa mawe yake yanaweza kuanguka. Kibonde chenye ukali wa kiasi na udongo mwingi ndicho cha kuangaliwa.

Ramani ya ardhini na punje za mbaazi

Mkirudi, chagueni uwanja wa mchanga mchore bonde lote kwa fimbo: mto, makorongo, njia, nyumba, shule, kanisa, visima, makalavati. Majani yawe mashamba, mawe yawe nyumba. Kisha kwa kila mahali mlipotilia shaka, wekeni punje za mbaazi. Punje 1 hadi 3 kwa tishio: 1 hakuna dalili, 2 dalili za zamani, 3 dalili mpya. Kando yake punje 1 hadi 3 kwa watu: 1 hakuna anayekaa wala kupita, 2 watu wachache, 3 wengi au wasioweza kukimbia. Zidisheni.

Tuchukue mfano wa bonde la kubuni. Kovu jipya kichakani lina tishio 3 na watu 1, jumla 3. Shule iliyo kwenye mdomo wa korongo lenye mawe ya zamani ina tishio 2 na watu 3, jumla 6. Nyumba ya mama mjane iliyo chini ya ukingo wenye ufa mpya ina tishio 3 na watu 2, jumla 6. Shule na nyumba zimelingana. Je, tuanze wapi? Hapa mbaazi haziamui, ninyi mnaamua. Shule usiku ni tupu, na mwalimu mkuu aweza kufunga mapema mvua ikizidi. Yule mama na wajukuu wake wako chini ya ukingo kila usiku, nao ufa ni wa mwaka huu. Sisi tungeanza kwa mama. Kikundi kingine chaweza kuona vingine, mradi kiwe kimezungumza.

Msisahau makalavati. Tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, maji yalikuwa yamezuiliwa na takataka na magogo kwenye njia ya maji chini ya tuta la reli. Tuta lilipoachia alfajiri, watu kadhaa wa kadhaa walikufa. Kalavati lililoziba ni bwawa ambalo hakuna aliyelipanga. Mahali pa mchanga pia pawekwe punje: mchanga ukizolewa kupita kiasi mto unashuka, kingo zinabaki zimening'inia, na shamba linafuata. Kaunti ya Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015, itumieni.

"Nihamie wapi?"

Hili ndilo swali mtakaloulizwa, na ni la haki. Mzee anayeambiwa ahame hukumbuka makaburi ya wazazi wake, miembe aliyoipanda, na kwamba hana cheti cha shamba lingine. Baada ya maafa ya Bududa, serikali ya Uganda ilipeleka mamia ya familia Kiryandongo, nchi ya tambarare na mbali sana. Baadhi yao walirudi mlimani. Tusiwacheke. Mtu hahami kwa kuogopeshwa peke yake.

Kwa hiyo kuna hatua za katikati, na nyingi ni za bei ya jasho. Maji ya mabati yaingizwe tangini, na yale yanayofurika yaongozwe mbali kwa mfereji, yasimwagike nyuma ya nyumba kwenye mguu wa ukingo. Ufa wa ardhini ujazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa, na juu yake uchimbwe mtaro wa kukinga maji yasiingie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika mlima, ukiziba ufa bado usilale chini yake. Shimo la choo lisichimbwe ukingoni juu ya nyumba. Ukingo uliokatwa wima ulazwe, upandwe nepia au majani mengine ya mizizi mingi. Greda ikija kupanua barabara, kikundi kiulize mapema udongo utamwagwa wapi, maana ukimwagwa upande wa chini unakuwa tishio la jirani wa chini.

Na hatua iliyo rahisi kuliko zote: kuhamisha kitanda. Chumba kilicho upande wa mlima kiwe cha kuwekea magunia, watu walale upande wa pili. Katika wiki za mvua nyingi, familia iliyo chini ya ukingo ilale kwa shangazi au kwa jirani, mchana irudi kazini kwake. Tumewasikia wanaume wakisema ni aibu kulala kwa watu ukiwa na nyumba yako. Kikundi kikilipanga jambo hili wakati wa kiangazi, kwamba familia fulani italala kwa fulani, aibu inapungua kwa sababu ni mpango wa kijiji na si woga wa mtu mmoja.

Kujua wakati

Wekeni kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mpime maji kila asubuhi kwa rula, mwandike milimita kwenye daftari, kisha mmwage. Daftari la misimu mitatu litawaambia mengi kuhusu bonde lenu. Sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa katika redio, pamoja na zile za Kikamba. Zikishapita siku kadhaa za mvua bila kukauka, msisubiri amri ya mtu. Mto ukipungua ghafla huku mvua inaendelea, kuna kitu kimeuziba huko juu: ondokeni kando ya mto mara moja, mpande upande, msikimbie kufuata bonde kushuka. Mlio kama wa lori, miti kuvunjika, mawe kugongana, ni vivyo hivyo. Filimbi au kengele iwe na maana moja tu, na watoto waifahamu. Njia ya kukimbilia isivuke korongo, na mahali pa kukutanikia, hata kama ni kanisa, pasiwe na punje nyingi za mbaazi. Nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na kuipiga ni bure. Baada ya poromoko msirudi kufukua vyombo siku hiyo, kwani kipande cha pili hufuata mara nyingi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Katika bonde letu ni nani analala chini ya ukingo uliokatwa, na ni nani aliyeukata? Mitaro ya juu inamwaga maji yake kwenye shamba la nani? Ni mzee gani anayekumbuka mvua za 1961, na ameulizwa nini kiliporomoka wakati ule? Kalavati la karibu lilisafishwa mara ya mwisho lini, na nani atashika jembe kabla ya Oktoba? Familia gani itampokea yule mama na wajukuu wake usiku wa mvua, na je, amekwisha ambiwa?